Kifaru Chini ya Pazia

Mwanamke wa miaka arobaini na sita akiingia duka la vitu vya watoto na kipande cha zulia kwapani, watu humtazama mara mbili. Mimi nilitazamwa mara nyingi zaidi, maana nililitandika lile zulia sakafuni mbele ya kaunta, nikapiga magoti, nikamwambia dada muuzaji aniletee vifaru vyote vya jeshi vya rimoti alivyo navyo.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu, hapa hapa Garissa mjini, siku ya joto ambayo mbuzi wote walikuwa wamejilaza chini ya magari. Dada yule ni mtu wa Mwingi, mcheshi, na biashara anaijua.

"Ni ya kijana wa miaka ngapi, mama?"

"Ni yangu."

Alicheka akidhani namtania. Alipoona uso wangu aliacha kucheka, akaanza kushusha maboksi.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kirefu kama mkono wangu, kimepakwa rangi ya mchanga, minyororo yake ya chuma. Aliniambia kipimo chake ni moja kwa kumi na sita, yaani kifaru cha kweli ni mara kumi na sita ya kile. Kilitoa moshi nyuma na kunguruma mpaka mteja mmoja akahamisha mtoto wake. Nilikipenda sana, lakini nikakipima kwa shibiri nikaona hakiwezi kupita chini ya pazia bila kulivuta lote. Cha pili kilikuwa kidogo, cha kukaa kiganjani. Nilikiweka kwenye zulia langu, kikaenda vizuri hadi kwenye nyuzi za pembeni, kikanasa hapo na kubaki kinazungusha magurudumu bure.

"Hiyo ni ya kuchezea juu ya meza," dada akasema. "Sasa wewe mama unataka iende wapi?"

"Nataka ipite kwa zulia, ipite chini ya nguo, na ikiwa mimi niko nyuma ya ukuta inisikie."

Alinitazama kidogo, kisha akapanda ngazi akaleta cha tatu. Urefu wake ni shibiri moja na nusu, minyororo ya mpira, kichwa kinazunguka pande zote na mtutu unainuka na kushuka. Kilipanda nyuzi za zulia bila kusita. Nilichukua rimoti nikatoka nje, nikasimama nyuma ya ukuta kati ya wauza mitumba, nikawa nabonyeza huku dada akinipigia kelele kutoka ndani. "Imekuja! Imegeuka! Sasa inaangalia mimi!" Nikarudi nikamuuliza swali la mwisho, kama sauti yake inaweza kuzimwa. Akaniambia inazimika, na ukitaka unaiwasha kwa rimoti wakati wowote, hata ikiwa imeshafika. Nilisikia furaha pale, ndugu yangu, na haikuwa furaha nzuri.

"Mama, hii ni vita gani?" dada aliniuliza akifunga boksi.

"Ya zamani," nikamwambia.

Sasa kaa nikusimulie vita yenyewe. Ilianzia mtaa wa Waberi, wakati ule nyumba zetu zilipokuwa na nyua za miiba na vumbi la njiani lilikuwa laini mpaka tunalichota kwa viganja. Mimi nililelewa na bibi yangu, ayeyo tunavyosema sisi Wasomali. Alitoka vijijini upande wa Kotile baada ya kiangazi kimoja kummalizia ng'ombe wote, akaja mjini na vibuyu vyake vya kusukwa, mkeka mmoja, na mimi mgongoni. Alikuwa mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Aliuza maziwa ya ngamia kwenye kivuli cha baraza la duka la jirani yetu, na watu walitoka mitaa mingine kuja kuyanunua kwake.

Siri ilikuwa moshi. Alfajiri aliamka kabla ya mwadhini, akachagua vijiti vya mti anaoujua yeye, akaviwasha, kisha akaingiza makaa yake ndani ya kibuyu kitupu na kufunga mdomo kwa kiganja. Akatikisa, akasikiliza, akafungua. Moshi ukatoka taratibu na chumba chote kikanukia. Mimi kazi yangu ilikuwa kupangusa vibuyu kwa majani, kufagia uwanja, na kumtafutia mbuzi wetu mmoja maganda ya mgunga. Halafu tulikula anjera, mkate wetu mwembamba, na mafuta ya simsim na sukari, na kwenye siku za bahati kijiko kimoja cha nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye samli. Kwa mbali watoto wa duksi, chuo cha Kurani, walikuwa wanasoma mbao zao kwa sauti moja. Nikilia kwa jambo lolote, ayeyo alinipa kikombe na kuniambia, "Kunywa kwanza, ulie baadaye." Nikishakunywa nilikuwa nimesahau nalilia nini.

Pikipiki zilikuwa haba siku hizo. Maziwa yalikuja kwa lori kutoka malishoni, na ayeyo aliweza kuyaonja tone moja akakuambia ngamia yule amekula nini na ametembea siku ngapi. Wanunuzi walimwamini kuliko mizani. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu tu, lakini alipopita wanaume walimsalimia wa kwanza.

Jambo moja tu lilikuwa na ajabu kwake. Hakukaa kamwe na mgongo kwa barabara. Na gari kubwa la kijani likipita, lile la askari, alinishika mkono na kunivuta ndani, hata kama maziwa yako nje na wateja wamesimama. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mtoto haulizi mambo ambayo ameyakuta.

Mwenye duka alikuwa na kijana wa miaka kumi na miwili. Baba alikuwa mtu wa heshima, mkimya, mara nyingi yuko Wajir na mizigo. Kijana ndiye aliyetutawala. Alikuwa na viatu vya mpira vyeupe, alikuwa na baiskeli, na mwaka ule mjomba wake akamletea kutoka Dubai kifaru cha rimoti. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kama kile. Rimoti ilikuwa na antena ndefu ya chuma inayovutwa, na mwenye bahati aliruhusiwa kuivuta. Watoto wa Waberi nzima walipanga foleni. Mimi nilisimama siku tatu. Siku ya tatu aliniambia msichana haendeshi kifaru, msichana anaangalia, na kila mtu akacheka. Hilo ningelisamehe.

Alasiri moja baba yake akiwa safarini, tulikuwa wote barazani na ayeyo alikuwa ameinama anamimina maziwa kutoka kibuyu kikubwa kwenda kwa chombo cha mteja. Yule kijana alinikonyeza. Naukumbuka ule ukonyezo mpaka leo, wallahi. Akakiachia kifaru chake kutoka nyuma ya gunia la sukari, kikaenda kikikwaruza saruji kwa minyororo yake, moja kwa moja hadi alipo ayeyo, na pale kikainua mtutu.

Ayeyo alisikia kabla hajaona. Nilimwona akisikia. Kibuyu kilimtoka mikononi, na yule mwanamke mrefu aliyesalimiwa na wanaume akalala kifudifudi ndani ya maziwa yake, mikono yote miwili kisogoni, vidole vimefumana. Hakupiga kelele. Alilala tu hapo akitetemeka, na maziwa yakawa yanateremka barazani kuelekea mchangani.

Kisha yule kijana akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo. Watoto wote wakacheka. Na wakubwa waliokuwa wakinywa chai ng'ambo ya njia nao wakacheka kidogo, si kwa ubaya, lakini walicheka. Yule kijana akakizungusha kifaru mara mbili kando ya kichwa cha ayeyo kama anayekagua. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na miguu yangu haikwenda. Aliyemwinua ni mteja, mama mmoja mjamzito.

Sasa lazima nikueleze tabia yetu moja Wasomali, ambayo wageni huiona ya ukatili. Mtu akiwa na kilema, au akiangukiwa na jambo mbele za watu, hupewa jina kwa jambo hilo hilo. Mwenye mguu mfupi ataitwa kwa mguu wake, aliyepoteza jino ataitwa kwa pengo lake, na wanaitika. Majina yetu ya kuzaliwa yanafanana mno, kwa hiyo hata chifu akiandika orodha ya chakula cha msaada huandika jina la utani kwanza. Huwezi kulikataa. Ukilikataa linakuganda zaidi, ukihama linakufuata, na ukifa watu hutangaziana kwa hilo.

Kabla jua halijatua siku ile ayeyo alikuwa ameshapewa jina. Yule kijana ndiye aliyelitoa, akalipigia kelele mtaa mzima: Ayeyo Kifaru. Watoto wadogo walilala chini njiani alipopita, mikono kisogoni. Wateja walikuja wakauliza, "Maziwa ya Kifaru yapo?" bila hata kufikiri. Alivumilia majuma mawili. Kisha asubuhi moja hakuwasha vijiti. Alifunga vibuyu vyake, akaniacha kwa kaka yangu mkubwa aliyekuwa tayari mjini niendelee na shule, akapanda lori la Kotile na kukaa juu ya magunia, amejifunika uso.

Nilimwona mara mbili tu baada ya hapo. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili habari ilikuja. Nilikuwa nimetumwa majani ya chai kwenye hoteli, na mtu mmoja akaingia akasema, "Yule Ayeyo Kifaru wa Waberi amefariki huko Kotile." Wanaume wakatabasamu kwanza. Kisha wakasema inna lillahi. Ni ule mpangilio ndio ulioniua, tabasamu kwanza na dua baadaye. Nilirudi nyumbani bila majani ya chai, nikaapa kwamba yule kijana naye siku moja atapewa jina, mbele ya wazee, jina litakalomfuata mpaka kaburini.

Nilisoma, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikafungua biashara yangu ya chakula cha mifugo. Yule kijana alihamia Wajir, akawa mtu wa pikapu na kandarasi, akaota kitambi na ndevu za hina. Kila niliposikia habari yake nilikirudia kile kiapo. Watu husema muda unaponya. Mimi muda ulinipa tu nafasi ya kujipanga.

Basi Mungu si wa kulaumiwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu kaka yangu alinipigia simu akasema kuna watu wanakuja kumuomba binti yake. Binti huyo nimemlea mimi nusu ya maisha yake. Kijana ni daktari wa mifugo, ana adabu, na binti anamtaka. Nikauliza ni wa nani. Kaka akamtaja baba yake, na baba huyo ni yule yule wa kifaru cha Dubai.

Hapo ndipo nilipokwenda kununua kifaru. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Wanaume hukaa sebuleni, wanawake tuko nyuma ya pazia. Mgeni mkuu hukalishwa mbali na mlango ili wanaoingia wasimsumbue, na kwa sebule ya kaka yangu mbali na mlango ni kando ya pazia letu. Baba wa kijana ndiye angekuwa mgeni mkuu, maana kaka aliniambia mzee wao, yule mwenye duka wa zamani, yuko Wajir ni mgonjwa, hawezi safari. Kifaru kingetoka kimya, kingesimama mbele ya miguu yake, kingeinua mtutu, halafu ningewasha sauti. Angeruka, angemwagikiwa na chai, wazee wa koo mbili wangecheka, na kufika magharibi jina lake lingekuwa limeshafika Wajir. Posa haivunjiki kwa kichekesho. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara nilijiamini.

Siku yenyewe tulipika wali na mbuzi tangu asubuhi, ndizi zimepangwa, chai ya iliki na tangawizi imejaa birika tatu. Wifi yangu alikiona kifaru karibu na jiko.

"Abayo, dada yangu, hicho ni nini?"

"Ni zawadi ya wageni."

"Wageni wazima?"

"Wazima kabisa."

Wageni waliingia baada ya sala ya alasiri. Nilisikia salamu, nilisikia viatu vikivuliwa, nilisikia kaka yangu akiwakaribisha mbele, mbele zaidi, na watu wakisogea. Kulikuwa na vurugu kidogo mlangoni, kama mtu anasaidiwa. Sikujali. Nilikuwa nimeshalala kwa tumbo nyuma ya pazia, wanawake wakinishangaa, nikitazama kupitia uwazi wa chini. Kutoka pale unaona miguu tu. Kando kabisa ya pazia palikuwa na miguu miwili ndani ya soksi mpya za kahawia, za mtu mwenye pesa. Nikasema moyoni, karibu, nimekungoja sana.

Nilisubiri maneno ya kwanza yaishe. Walipoanza kutajana nasaba, nikakiachia. Kilipita chini ya pazia kama nilivyokipima, kikapanda nyuzi za zulia, kikapinda, kikasimama. Nikakizungusha kichwa. Nikainua mtutu. Nikabonyeza sauti, ikanguruma chumba kizima, nami nikafumba macho nisikie wazee wakicheka.

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na ule mngurumo peke yake, na ndani yake nikasikia sauti nyembamba ya mtu. Alasiri yote watu walikuwa wakisema Kisomali. Sauti ile ilikuwa inasema Kiswahili.

"Raia, afande. Mimi raia. Kitambulisho iko. Kitambulisho iko hapa, afande."

Nilivuta pazia. Alikuwa mzee mwenye duka. Alikuwa amekataa kubaki Wajir mjukuu wake akiombewa mke, akalazwa kiti cha nyuma cha gari, na kwa kuwa ndiye mkubwa wa wote wamempisha ile nafasi ya heshima. Amepiga magoti kwenye zulia, soksi zake mpya zimejikunja, ameinua kitambulisho chake kwa mikono yote miwili juu ya kofia. Mkojo ulikuwa umelowesha kikoi.

"Aabo," mwanawe alikuwa anamwambia, "ni kitu ya watoto. Aabo, angalia, ni toi."

Mzee hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye mtutu. "Wewe biga magoti," alimwambia kwa Kiswahili kile kile. "Biga magoti, watakubiga."

Na yule mkandarasi mwenye ndevu za hina, aliyewahi kushika nguzo kwa kucheka, akapiga magoti kando ya baba yake, mbele ya kifaru changu. Ndugu yangu, nilikuwa nimeiota picha hiyo miaka thelathini na kitu. Nimeipata yote, bila kupunguzwa chochote, na sikuweza kuitazama.

Nilizima sauti. Mikono ya mzee haikushuka. Nilitazama wazee wengine wa rika lake, wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu. Kila mmoja alikuwa ameweka mkono kwenye mfuko wa kifua, pale panapokaa kitambulisho, na hajui kwamba ameuweka. Vijana walikuwa wanatazamana. Kaka yangu alisema jina la Mwenyezi Mungu akakwama hapo. Nikaelewa kwamba mzee hataishusha. Alikuwa anangoja kitu fulani kiseme, na sisi wote tuliomzunguka hatukuwa hicho kitu.

Basi nilitoka. Mwanamke haingii baraza la wanaume wakati wa posa, lakini niliingia, pekupeku, rimoti mkono wa kushoto. Nilisimama mbele ya mzee nikachukua kitambulisho chake. Kilikuwa kimelainika pembeni kwa kushikwashikwa. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye, nikaitazama picha tena, nikachukua muda wangu kama wanavyochukua wao. Kisha nikasema kwa sauti ya ofisini:

"Kitambulisho iko sawa, mzee. Hakuna shida na wewe. Chukua. Rudi ukae."

"Asante, afande," akasema. Alikirudisha mfukoni, akafunga kifungo, akamgeukia mwanawe akamwambia kwa Kisomali anataka chai, na sukari iwe nyingi.

Wifi yangu alileta maji na kikoi safi. Nilikiokota kifaru nikakifunika kwa mtandio na kurudi nyuma ya pazia, nikakaa sakafuni karibu na masufuria. Nililia mbele ya wanawake wote. Nilikuwa namlilia ayeyo, na kwa mara ya kwanza niliona alichokuwa anakiona pale barazani, askari wa misako ya zamani. Mtu yeyote angeweza kumwambia inuka, uko salama, nenda. Maneno matatu au manne. Wote tulikuwepo.

Posa haikuvunjika. Dua ilisomwa kabla ya magharibi, na arusi imeshafanyika. Lakini jina lilitolewa siku ile, kama nilivyopanga, ila lilikosea njia likanikuta mimi. Ninaitwa Afande. Wateja wananiita Afande, hata binti niliyemlea ananiita Eddo Afande, yaani Shangazi Afande. Naitika, kwa sababu nimeshakueleza ukikataa inakuwaje.

Usinielewe vibaya, sijawa malaika. Yule mwenye ndevu za hina alikuja kwangu asubuhi iliyofuata posa, peke yake, akakaa kwenye mtungi uliopinduliwa mlangoni. Nilimwacha akae juani. Aliniambia anakumbuka kila kitu. Aliniambia baba yake aliporudi kutoka safari akasikia habari, alikitupa kile kifaru mtoni Tana, na hakusema naye neno kwa mwezi mzima, wala hakueleza. "Nilidhani ni kwa ajili ya maziwa," akasema. Akafuta uso. Kisha akasema anataka kuchinja na kumsomea dua bibi yangu, na kwamba anaona aibu, hajui jina lake.

"Nipe jina lake, walalo, ndugu yangu. Lile la kuzaliwa."

Nilikuwa nalo mdomoni. Nilimtazama usoni nikaona bado namchukia, kidogo kuliko jana, lakini namchukia.

"Nenda ukaulize," nikamwambia. "Ukipata mtu mmoja anayelijua, njoo, nitakusamehe mbele ya watu. Ila lile ulilompa wewe usilitaje. Ukilitaja hata mara moja tu, usirudi."

Akasema haye, sawa, akainuka.

Sikumpa kazi ndogo, nalijua hilo. Waberi ya leo si ile. Baraza lile limebomolewa, pana duka la simu. Nyua za miiba zimekuwa kuta za mawe zenye vigae vya chupa juu. Maziwa yanakuja kwa madumu ya plastiki, yananukia plastiki, na wanaoyauza hawajui kuonja tone wakakuambia ngamia alilala wapi. Yule mama mjamzito aliyemwinua alikufa zamani. Wa rika la ayeyo wamekwenda na mambo yao kifuani, hakuna aliyewauliza, nami ni mmoja wa wasiouliza. Nimejaribu mwenyewe kuwataja majirani kwa majina ya kuzaliwa, nikakuta sijui hata mmoja.

Sasa ni mwezi wa tano wa mwaka. Yule mtu alianza Waberi, nyumba kwa nyumba, kisha sokoni, kisha msikitini. Juma lililopita dereva wa magari ya Kotile alipitia dukani kwangu kuchukua pumba, akaniambia amemshusha huko mtu mzima mmoja mwenye ndevu za hina. Anasema anazunguka kwa wazee akiwauliza kama wanamkumbuka mwanamke fulani, mrefu, aliyewahi kuuza maziwa ya ngamia Garissa. Wazee wanamwambia walikuwa wengi, awape alama nyingine hata moja tu, hata jina la utani, waweze kumjua. Dereva anasema hapo yule mtu huwashukuru, akaenda nyumba inayofuata.